Washington: Pauni Nne, Mbwa Wanne na Jina la Shamba

Mwaka 1183 makarani wa Askofu Hugh du Puiset wa Durham, kaskazini mwa Uingereza, waliorodhesha vijiji vya askofu kimoja baada ya kingine: nani anashika ardhi ipi, na anadaiwa nini. Askofu alitaka kujua mapato yake, basi. Daftari lao la asili limepotea, lakini nakala zake za baadaye bado zipo, linaitwa Kitabu cha Boldon. Walipofika kwenye kijiji cha Wessyngton, yaani Washington ya leo, waliandika kwamba William wa Hertburn anakishika, isipokuwa kanisa na ardhi ya kanisa. Kwamba amekipata kwa kuachia kijiji cha Hertburn. Kwamba analipa pauni 4. Na kwamba askofu akitoka kwenda kwenye uwindaji wake mkuu, William anatakiwa kufika na mbwa 4.

Hawakuandika baba yake ni nani, wala kama aliwahi kupigana vita, wala kama watu wake walimpenda au walimchukia. Karani hakutumwa kuuliza hayo. Hata hivyo, hapo ndipo mahali pa kwanza tunapoweza kuushika kwa mkono ukoo wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Na mle ndani kuna jambo ambalo wapenda nasaba hulipita mbio: huyu babu mwenyewe alikuwa na jina jingine. Alikuwa wa Hertburn. Alipobadilishana ardhi, jina nalo likabadilika, na uzao wake ukajulikana kuwa ni wa Wessyngton. Angekataa mabadilishano yale, huenda leo mji mkuu wa Marekani ungeitwa Hartburn.

Nalisema hili kwa sababu biashara ya majina ya koo imeshamiri. Unaandika jina lako, unalipa, unaletewa karatasi yenye ngao, simba aliyetoa ulimi na maelezo kwamba wazee wako walikuwa mashujaa. Ninachotaka kusema ni kinyume cha karatasi hiyo. Jina la ukoo la Kiingereza lilianza kama anwani ya mlipa kodi. Heshima ya damu lilivishwa baadaye, na waliolivisha walikuwa na sababu zao.

Kabla ya mwaka 1066 Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja, na likihitajika la pili la kumtofautisha, alikufa nalo. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka nchi, wakubwa walioigawana ardhi walianza kujiita kwa milki zao, na kwa kuwa milki ilirithiwa, jina likarithiwa pamoja nayo kama vile ng'ombe na jembe. Mafundi na wakulima walifuata polepole. Mhunzi akawa Smith, mwana wa John akawa Johnson, mfupi akawa Short. Kodi ya kichwa iliyotozwa mwaka 1377, 1379 na 1381 iliwafanya makarani waandike watu wengi kuliko walivyowahi kuandikwa, na kufikia takriban mwaka 1400 familia nyingi za England zilikuwa na jina la kurithi. Kodi hiyohiyo ndiyo iliyochangia kuwasha uasi mkubwa wa wakulima wa mwaka 1381, kwa hiyo tusidhani watu walijipanga foleni kwa furaha ili waandikwe.

Neno Washington lenyewe si gumu kulifungua. Mwisho wake, *tun*, katika Kiingereza cha kale ni shamba au makazi yaliyozungushiwa ua. Mwanzo wake ni jina la mtu, Wassa au Hwassa, bwana fulani wa enzi za Waanglo-Saksoni. Kwa hiyo ni "shamba la akina Wassa". Aliyewahi kupanda daladala Dar es Salaam akasikia konda anaita "Kwa Azizi Ali" au "Kwa Msuguri" anaelewa mara moja jinsi jina la mtu linavyogeuka kituo. Kilichotokea England ni hatua moja zaidi: mtu mwingine kabisa akahamia kwenye hicho kituo, akalichukua jina, akawarithisha watoto wake. Wassa mwenyewe hana ukoo wowote unaojulikana. Jina lake limezunguka dunia likiwa limebebwa na watu wasiomhusu.

Tena vijiji vyenye jina hilo ni zaidi ya kimoja. Kipo hiki cha kaskazini, na kipo kingine Sussex, kusini kabisa. Mtu wa karne ya 14 aliyeitwa wa Washington anaweza kuwa ametoka huku au kule, anaweza kuwa mtoto wa mwenye shamba au mtoto wa mchunga nguruwe wa shamba hilo. Mfano mzuri ni John Wessington, aliyekuwa mkuu wa watawa wa Durham kuanzia 1416 hadi 1446. Katika kanisa kuu la Durham kuna kibao kinachomtaja kwa fahari kama mmoja wa ukoo uliojipatia jina la milele katika nchi ambazo yeye hakuzijua. Maneno matamu. Lakini watawa wa zama hizo waliitwa kwa mahali walikotoka, iwe mtu ni mwana wa bwana au wa mkulima. Jina lake linatuambia alikotoka. Halituambii alikuwa mtoto wa nani. Waliokipachika kibao ukutani karne nyingi baadaye hawakutaka kusumbuliwa na tofauti hiyo.

Na William wa 1183 je, alikuwa Mnormani? Wengi husema ndiyo, kwa kuwa William ni jina la Kinormani. Hoja hiyo ni dhaifu. Baada ya ushindi wa 1066 Waingereza wenyewe walianza kuwapa watoto wao majina ya watawala, na katika vizazi vichache William likawa miongoni mwa majina ya kawaida kuliko yote nchini. Si kila Juma wa Tabora babu yake alishuka jahazini kutoka Muscat.

Wapo wanaomuunganisha William na wakuu wa Dunbar, kule Scotland, na kupitia hao na wafalme. Inawezekana, watu wa mpakani walioana. Ila inapofika hapo karatasi zinakuwa chache na matamanio yanakuwa mengi. Kilele cha matamanio kilifikiwa New York mwaka 1879, pale Albert Welles alipochapisha kitabu kinachomfuatilia George Washington vizazi 55 nyuma hadi kwa Odin, ambaye alimweka mwaka 70 kabla ya Kristo. Odin, kwa asiyemfahamu, ni mungu wa Waskandinavia wa kale. Tusimcheke sana Welles. Pwani yetu inazo koo zilizojenga nyumba nzima juu ya neno Shirazi, na wanahistoria wamebishana miaka na miaka ni wangapi kweli waliotoka Shiraz. Mtu hutafuta mzee wa mbali pale ambapo umbali unalipa.

Mahali ambapo utafiti wa nasaba hii unanivutia ni kwenye mirathi, wala si kwa Odin.

George mwenyewe hakuwa na hamu na mambo haya. Mwaka 1792 alimjibu Sir Isaac Heard, ofisa mkuu wa nembo za koo za Uingereza aliyemwandikia akiuliza, kwamba ni suala ambalo alilitilia maanani kidogo sana. Alichokumbuka ni kwamba wazee wake walitoka moja ya majimbo ya kaskazini ya England, kama ni Lancashire au Yorkshire au juu zaidi, hakuwa na hakika. Alijua kwamba baba wa babu yake, John, alifika Virginia katikati ya karne ya 17. Basi.

Heard hakukata tamaa. Alipekua akakuta katika ukoo wa akina Washington wa Sulgrave, jimbo la Northamptonshire, ndugu wawili walioitwa John na Lawrence. Virginia nako walifika ndugu wawili, John na Lawrence. Akawafunga pamoja, kazi ikaisha. Nasaba hiyo ilikubaliwa kwa zaidi ya miaka 70, hadi mwaka 1866, pale mtafiti Joseph Lemuel Chester alipoonyesha kwamba haiwezekani: yule John alipewa cheo cha Sir na maisha yake yalibaki England, na yule Lawrence alikuwa kasisi. Hawakuwa wahamiaji wale. Mnyororo mzima ukaanguka kwa sababu ya pete moja.

Ikachukua miaka mingine 23. Mwaka 1889 Henry Waters, Mmarekani aliyekuwa akisoma wosia za zamani mjini London moja baada ya nyingine, alitangaza alichokipata. Katika mji wa Tring, Hertfordshire, alikufa mzee aliyeitwa Andrew Knowling, na wosia wake, uliothibitishwa mwanzoni mwa 1650, uliwaachia mali watoto wa mwanamke aliyeitwa Amphillis Washington. Miaka michache baadaye Amphillis naye akafa, na John, mwanawe wa kwanza, akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya mama yake. Halafu ukienda Virginia, unaukuta wosia wa John mhamiaji ukimtaja dada yake, Martha. Miongoni mwa watoto wa Amphillis waliotajwa Tring, Martha yumo. Na mume wa Amphillis alikuwa nani? Lawrence yuleyule, kasisi. Heard alikuwa amekosea kizazi kimoja tu: mtu aliyedhani ndiye mhamiaji alikuwa baba wa mhamiaji.

Hii ndiyo kazi halisi ya nasaba. Si ngao wala simba. Ni mzee asiye na umaarufu anayekumbuka watoto wa watu katika wosia, na karani wa mahakama anayeandika jina la msimamizi wa mirathi. Aliyewahi kuhangaikia hati za mirathi ya mzazi anajua kwamba karatasi hizo hutaja ndugu ambao hata harusini hawakutajwa.

Kati ya William na kasisi Lawrence kuna safari ndefu ambayo nitaikata. Shina la Durham lilikosa mrithi wa kiume mwishoni mwa karne ya 14, na shamba likaenda na binti kwenye ukoo mwingine. Jina likaendelea kupitia tawi dogo lililohamia magharibi, Westmorland, kisha Warton huko Lancashire. Kutoka huko, karne ya 16, Lawrence mwingine akashuka Northampton, akatajirika kwa sufu, akawa meya wa mji. Mwaka 1539, Mfalme Henry wa Nane alipokuwa akizifunga nyumba za watawa na kuziuza ardhi zao, meya huyu alinunua Sulgrave kwa zaidi ya pauni 320. Jina lililozaliwa kwenye ardhi ya askofu likapata nyumba mpya kwenye ardhi iliyonyang'anywa watawa. Vizazi vichache mbele fedha zikaisha, Sulgrave ikauzwa, na mtoto wa mjukuu wa meya akawa kasisi wa Purleigh, Essex.

Mwaka 1643, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Bunge lilimfukuza kwenye parokia yake kwa madai kwamba alishinda vilabuni kila siku akilewa na kuwashawishi wengine walewe. Tusiyameze madai hayo mazima. Makasisi wengi waliomuunga mkono mfalme walifukuzwa mwaka ule, na ulevi ulikuwa shutuma rahisi kuiandika. Alikufa katika umaskini, na mwanawe John, asiye na cha kurithi, akaingia baharini. Meli yake ya tumbaku ilikwama kwenye mchanga wa mto Potomac mwanzoni mwa mwaka 1657. Aliposhuka hakurudi. Akaoa binti wa tajiri wa hapo, akapata ardhi, akapata na watu wa kuilima bila ujira.

Hapa naomba tufanye hesabu kidogo. Kutoka George, aliyezaliwa 1732, hadi William wa 1183 ni karibu miaka 550, yaani vizazi kama 18 hivi. Kila mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, kisha 8, kisha 16. Ukifika kizazi cha 18 nafasi ni 262,144. Nyingi zinajirudia, maana watu waliwaoa ndugu wa mbali bila kujua, lakini hata ukizipunguza vipi bado ni umati. Jina la Washington linafuata mstari mmoja tu kati ya hizo: baba wa baba wa baba. Umati uliobaki, wenye wahunzi, wakunga, wachunga nguruwe na bila shaka watu kadhaa wa hovyo, umefutwa na herufi kumi. Damu ya George kwa sehemu kubwa haikuwa ya Washington hata kidogo. Mama yake alikuwa Ball, na kabla ya hapo kuna maelfu ya majina ambayo hatutayajua.

Kuhusu ngao, ni kweli ukoo huu ulikuwa nayo: mistari miwili myekundu juu ya nyeupe, na nyota tatu nyekundu juu yake. Ipo kwenye kioo cha kale katika kanisa la Selby, Yorkshire, na tangu 1938 ndiyo bendera ya jiji la Washington. Wanaosema bendera yenyewe ya Marekani imetokana na ngao hiyo hawana ushahidi, ingawa ukiitazama unaelewa walikopotelea. Jambo ambalo wauza vikombe vya ngao hawalisemi ni kwamba kwa sheria ya Uingereza ngao si mali ya jina. Ni mali ya mtu na warithi wake. Kuitwa Washington hakukupi haki ya nyota hata moja. Na ile nyumba ya kale ambayo watalii huonyeshwa kijijini kule kaskazini, aliyoitembelea Rais Jimmy Carter mwaka 1977, kwa sehemu kubwa ni ya karne ya 17. Ukoo ulikuwa umeshaondoka zamani.

Sasa, ni nani anayeitwa Washington leo? Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu 163,036 wenye jina hilo, na asilimia 90 walikuwa Weusi. George hakuwa na mtoto. Jina la shamba la Wassa, lililopita kwa William na kwa meya wa sufu na kwa kasisi aliyefukuzwa, leo ni la Wamarekani wenye asili ya Afrika kuliko la mtu mwingine yeyote. (Kenya nako, hasa Nyanza, utawakuta akina Washington wengi, ila kule ni jina la kwanza.)

Si kwamba wote wametoka katika shamba la George. Alipokufa mwaka 1799 palikuwa na watumwa 317 katika shamba hilo, Mount Vernon, 123 wakiwa mali yake, na hao aliagiza wosiani waachwe huru. Lakini wengi waliolichukua jina walilichagua wenyewe, wengine baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, wakiwa mbali kabisa na Mount Vernon. Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri Mweusi aliyezaliwa utumwani, alieleza jinsi ilivyokuwa kwake: siku ya kwanza shuleni aliwasikia wenzake wakitaja majina mawili, yeye ana moja. Zamu yake ilipofika akasema kwa utulivu kwamba anaitwa Booker Washington. Mwalimu akaandika. Sioni tofauti kubwa kati ya hapo na 1183. Mtu anataja jina mbele ya mwenye kalamu, na tangu siku hiyo ndilo jina.

Tofauti ipo nyuma yao. Washington mweupe anayetafuta wazee wake anaweza, kwa bahati na bidii, kufika karne ya 12. Washington mweusi mara nyingi hugonga ukuta mwaka 1870, sensa ya kwanza ya Marekani iliyowaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Katika orodha za watumwa za 1850 na 1860 utakuta jina la mmiliki, na chini yake umri, jinsia na rangi: mwanamke, 30, mvulana, 7. Wazee wa mmoja si wakongwe kuliko wazee wa mwingine. Mmoja alidaiwa kodi, mwingine alihesabiwa kama mali ya anayedaiwa kodi.

Yupo mmoja ambaye aliandikwa. Harry alizaliwa karibu na mto Gambia mnamo 1740, akauzwa ng'ambo, na mwaka 1763 akawa mali ya George Washington. Vita vya uhuru vilipoanza alitoroka mwaka 1776, akajiunga na Waingereza waliowaahidi watumwa uhuru. Mwaka 1783, Waingereza wakijiandaa kuondoka New York, makarani wao waliorodhesha Weusi waliokuwa wakipanda meli, ili wenye mali wakidai fidia, hesabu iwepo. Miaka 600 kamili baada ya makarani wa askofu. Waliandika: Harry Washington, miaka 43, jamaa mzuri, zamani mali ya Jenerali Washington, alimwacha miaka 7 iliyopita.

Alipelekwa Nova Scotia, Kanada ya leo, kwenye baridi na ardhi ya mawe, na mwaka 1792 akapanda meli tena pamoja na wenzake zaidi ya elfu moja kurudi Afrika, Sierra Leone. Huko walipewa mashamba, kisha kampuni iliyoendesha koloni ikawadai kodi ya ardhi. William wa Hertburn alilipa pauni zake 4, akabaki na shamba. Harry na wenzake walikataa, wakainuka mwaka 1800, wakashindwa na wanajeshi, na yeye akahukumiwa kuhamishwa hadi ng'ambo ya maji, pwani ya Bullom. Huko jina likaingia katika ardhi ambayo askofu wa Durham hakuwahi kuiandika popote.